Barua ya wazi kwa uongozi wa bendi na wa ukumbi: tunaomba kusikia maneno

Kwa meneja wa bendi,
na kwa msimamizi wa ukumbi,
Nairobi.

KUH: SAUTI YA MWIMBAJI NA MANENO YA NYIMBO ZENU

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Jina la bendi sitalitaja hapa, wala la ukumbi. Wenyewe mnajijua, na mashabiki wenzangu watawajua kabla sijafika mbali. Sikuja kuwaharibia riziki. Nimekuja hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeibisha yote.

Mara ya kwanza nilimfuata meneja nyuma ya jukwaa, akaniambia nimtumie ujumbe. Nikautuma usiku uleule. Tiki zikageuka buluu, jibu halikuja. Mara ya pili nilileta barua ya karatasi pale ukumbini nikamkabidhi bawabu, na wiki iliyofuata akaniapia kwamba imefika ofisini. Mara ya tatu nilimkuta mmoja wenu mlangoni akihesabu tiketi, nikamweleza kwa ufupi. Akacheka, akanigonga bega: "Buda, hii ni roki, si kwaya." Nilimwelewa. Ila bado nina haja ya kusikia anachoimba mtu niliyelipa shilingi 1,500 kumsikiliza.

Mimi ni fundi wa spika. Kibanda changu kiko Grogan, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, na vifaa vyangu nanunua Luthuli. Kwa miaka kumi na miwili nimefunga muziki kwenye matatu. Kila nikimaliza gari huwa naketi kiti cha nyuma kabisa, injini ikinguruma, nisikilize kama maneno yanafika. Besi ikitetemesha vioo na maneno yasifike, gari halitoki kwangu. Nasema haya ili mjue siandiki kama mtu anayechukia kelele. Kelele ndiyo kazi yangu. Na bendi yenu nimeifuata tangu mkipiga mbele ya watu thelathini, wengine wao wakiwa wamekuja kuangalia mpira.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni neno moja.

Mnao ule wimbo unaoanza na gitaa moja peke yake, ule mnaoupiga karibu na mwisho. Kibwagizo chake ni neno moja linalorudiwa mara nne. Nusu ya mashabiki wanasikia "sitakupa". Kwao wimbo ni wa mama anayemkatalia mnyakuzi shamba, na wanaapa kwamba katika ubeti wa pili kuna neno "hati". Nusu nyingine wanasikia "sitakufa". Kwao ni wimbo wa mgonjwa, na lile neno la ubeti wa pili wanasema ni "hata". Tumebishana miezi saba sasa. Wawili kati yetu, waliokuwa wakija shoo kwa bodaboda moja, hawasalimiani tena.

Ubishi wenyewe ni mtamu, na ni dalili kwamba watu wanajali. Lakini kuna dada mmoja, mshonaji wa nguo Umoja, ambaye kaka yake alilazwa muda mrefu. Alikuwa anampelekea wimbo huo wodini kwenye simu, rekodi aliyojichukulia mwenyewe ukumbini kwenu. Wote wawili walisikia "sitakufa". Kaka alifariki. Usiku wa matanga dada akaucheza, watu wakaimba naye. Baadaye shabiki mmoja, bila nia mbaya, akamwambia kwamba amekosea, kwamba huo ni wimbo wa shamba.

Alikuja kibandani kwangu jioni, mvua ikinyesha, simu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Akaiweka juu ya meza, akaniambia: "Fundi, nisafishie hapa tu." Nikaiunganisha na kompyuta. Nikakata besi yote iliyo chini ya hezi 150 (hezi ndicho kipimo cha sauti: namba ndogo ni sauti nzito, namba kubwa ni nyembamba). Nikashusha pale gitaa linapokaa, nikapandisha kule juu ambako herufi kama f hukaa. Nilipopandisha, matoazi yakaja nayo, shaaa, kama mafuta ya moto yakitiwa maji. Nikarudia polepole. Nikarudia kwa sikio moja. Tulikaa mpaka saa tatu usiku, majirani wamefunga vibanda, na sikuweza kumwambia ni lipi. Miaka yote hii ya kazi, na sikuweza. Alinishukuru, akaondoka na simu yake.

Kesho yake niliandika ile barua niliyomwachia bawabu.

Sasa nayaweka malalamiko yetu moja baada ya jingine, ili asitokee wa kusema kwamba hakuelewa tunachotaka.

1. Sauti ya mwimbaji inazikwa.

Hili ndilo kubwa, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo ninalolijua.

Tofauti ya "sitakupa" na "sitakufa" ni herufi moja. F ni pumzi inayopenya kati ya meno ya juu na mdomo wa chini. Nguvu yake ni ndogo sana, ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa mdomoni mwa binadamu, na nyingi ya nguvu hiyo iko kwenye masafa ya juu, yaani kwenye hezi nyingi. P ni midomo kufunga, kimya cha kufumba na kufumbua, kisha kuachia. Sikio linaitambua p kwa kile kimya na kile kishindo kidogo kinachofuata. Simu za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 pekee, f nyingi ikabaki njiani, na ndiyo sababu mtu akitaja namba ya gari kwa simu anakwambia "F ya Fatuma".

Sasa tazameni jukwaa lenu. Gitaa la umeme likikwaruzwa kama roki inavyotaka, halibaki na noti yake moja. Linazaa nyingine juu yake, tabaka juu ya tabaka, na nyingi zinaangukia kati ya hezi 1000 na 4000, palepale sikio la mtu linapotegemea kukamata maneno. Mna magitaa mawili ya namna hiyo. Juu yao kuna matoazi, ambayo yanaifunika f. Na kile kimya kidogo cha p kinajazwa na gitaa ambalo halinyamazi hata nukta moja. Kwa hiyo f imezama, p imejazwa, na shabiki anabaki na "sitaku-a". Kila mtu anaziba pengo kwa alichokuja nacho moyoni. Mwenye kesi ya shamba anasikia shamba. Mwenye mgonjwa anasikia mgonjwa.

Halafu kuna mkono wa mwimbaji. Nawaomba mumwambie kwa upole, maana naona anadhani ni pozi tu: anapokikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, anaiharibu maiki. Maiki za jukwaani zimetengenezwa kusikia mbele na kuziba masikio kwa nyuma, na zinaweza kufanya hivyo kwa sababu ya matundu yaliyo nyuma ya kile kichwa cha wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inaanza kusikia pande zote. Inasikia ngoma, inasikia spika za jukwaani, inaanza kupiga mluzi. Nilisimama hatua nne kutoka meza ya mitambo nikamtazama kijana wenu. Kila alipoipandisha sauti ya mwimbaji, mluzi. Akaishusha. Akajaribu tena, mluzi. Kufikia wimbo wa tano alikuwa ameiacha chini, na mimi ningefanya hivyohivyo. Tafadhali msimlaumu yule kijana.

Na ukumbi nao una sehemu yake, mheshimiwa msimamizi. Paa ni mabati, sakafu ni saruji, upande mmoja ni vioo vitupu. Neno linatoka kwenye spika, linagonga kioo, linagonga bati, linarudi kulikalia neno linalofuata. Mnajaribu mitambo saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu, kisha mnashangaa usiku mambo yamebadilika. Lazima yabadilike: mia tatu ya watu na majaketi yao wanafyonza sauti, na yale mliyopima saa kumi hayapo tena.

Najua jibu litakalokuja, kwamba hakuna pesa. Siombi mitambo mipya. Amplifaya za gitaa zielekezwe pembeni badala ya kumtazama mwimbaji mgongoni. Magitaa yapunguzwe kidogo pale katikati, kwenye masafa ya maneno, wakati wa beti, kisha yaachiwe yafanye yatakayo mwimbaji akinyamaza. Mapazia mazito ya mitumba kutoka Gikomba yatundikwe upande wa vioo. Mkono utoke kwenye kichwa cha maiki. Hapo gharama ni mapazia tu, na mapazia nitachangia.

Jibu la pili nimeshalisikia, kwamba mkiongeza sauti mtafungiwa. Ni kweli kuna kanuni za kelele za mwaka 2009, na ni kweli kumbi za mitaa ya makazi hapa Nairobi zimebanwa. Lakini hakuna aliyeomba kuongeza. Tunaomba mpunguze kinachoziba. Jirani atalala vizuri zaidi, na sisi tutasikia.

La tatu ni hilo la "roki ni kelele". Hapa naomba niseme wazi, maana wengine mtaniona mshamba. Najua kuna muziki ambao sauti ya mtu ni chombo kama gitaa. Bendi ya Duma ya hapahapa Nairobi ilitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, na yule mwimbaji wao anapopiga kelele, sitafuti sentensi. Natafuta ile hali yenyewe, na naipata. Lakini ninyi hamjajitangaza hivyo. Mabango yenu yanasema "roki yenye ujumbe". Kwenye redio meneja alisema kwamba bendi yenu inaimba yale ambayo wengine wanaogopa kuyasema. Basi yasemeni tuyasikie.

Na gitaa kumpisha mtu si jambo geni katika nchi hii. Sikilizeni benga, ule muziki wetu wa magitaa, yoyote ya D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Magitaa yanacheza pembezoni wakati hadithi inasimuliwa, yanajibu mstari, yanangoja. Hadithi ikiisha ndipo yanapopewa uwanja, na hapo hakuna wa kuyashika. Wazee wale hawakuwa na mitambo kama yenu. Walikuwa wamekubaliana nani anaongea saa ngapi.

2. Maneno hayapatikani popote.

Nyimbo kumi na nne, na hakuna hata moja ambayo mmeandika maneno yake mahali shabiki anaweza kuyasoma. Nimeuliza. Nilijibiwa kwamba wimbo ukishatoka ni wa msikilizaji, afasiri apendavyo.

Kufasiri nakubali. Mwaka 1967 The Beatles walichapa maneno ya albamu nzima nyuma ya jalada, na watu bado wanabishania maana yake mpaka leo. Maneno kuonekana hakukuua ubishi, kuliunenepesha. Tofauti ni kwamba wanabishania maana ya neno ambalo wote wanalijua. Sisi tunabishana kama neno lilitamkwa.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila shabiki wa roki anapaswa kukijua. Mwaka 1963 bendi ya The Kingsmen ilirekodi "Louie Louie" huko Portland, maiki ikiwa imening'inizwa juu, mwimbaji akilazimika kuinua shingo na kupayuka. Maneno hayakusikika. Wazazi wakaanza kusikia matusi, vijana wakaandika matusi yao kwenye vikaratasi wakapitishiana shuleni, malalamiko yakafika serikalini, na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakaichunguza ile santuri kwa zaidi ya miaka miwili. Waliicheza kwa kasi mbalimbali. Mwishowe wakahitimisha kwamba haieleweki kwa kasi yoyote ile. Na wimbo wenyewe, kama ulivyotungwa na Richard Berry, ni wa baharia anayemweleza mhudumu wa baa habari za mpenzi wake. Matusi hayakuwemo. Ukosefu wa karatasi moja ulizaa yote hayo.

Mtaniambia R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, walijenga jina lao kwa kumung'unya maneno. Naam, na nawapenda. Albamu yao ya kwanza ya 1983 waliiita kabisa kwa neno la mnong'ono. Lakini wale waliamua. Mung'unyo ulikuwa ndio mtindo, na magitaa yao hayakumkalia mwimbaji kooni. Hata hao, mwaka 1998, walichapa maneno ya albamu nzima. Kuamua ni haki ya msanii. Yenu si uamuzi, ni mkono kwenye maiki na mabati juu ya kichwa.

3. Mkazo wa Kiswahili.

Hili nimelipata kwa rafiki yangu anayefundisha Kiswahili Buruburu, na tangu aniambie siwezi kuacha kulisikia. Katika wimbo wenu wa matembezi ya usiku mnaimba neno "barabara". Njia ya magari tunaitamka tukikaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: baraBAra. Ninyi ngoma yenu inaangukia kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo, baRAbara, na hilo ni neno lingine, lenye maana ya "sawasawa" au "ipasavyo". Kwa hiyo mashabiki wamegawanyika tena: mhusika anatembea barabarani, au anatembea ipasavyo?

Hapa kosa ni la kutunga, na fundi wa mitambo hahusiki. Mmechukua mdundo uliozaliwa na Kiingereza, ambacho mikazo yake inarukaruka, mkaulazimishia Kiswahili ambacho mkazo wake karibu daima unajulikana utakapokaa. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, yanavutika, yanabeba sauti ya mwimbaji kama maji yanavyobeba mtumbwi. Hiyo ni bahati ambayo Mwingereza hana. Wenzetu wa pwani wameitumia kwa karne nyingi: mshairi anahesabu mizani, yaani silabi, kumi na sita katika mshororo, nane na nane, kabla hajafikiria atauimba vipi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na hata chini ya mikwaruzo ya santuri bado nayasikia maneno yake. Kwenye taarabu mtu anainuka kumtuza mwimbaji kwa sababu ya mstari mmoja uliomchoma, na haiwezekani kumtuza mtu kwa mstari ambao haukukufikia.

Sisemi muwe taarabu. Roki si mgeni Nairobi. Miaka ya 1970 bendi ya WITCH ilitoka Zambia ikaja kurekodi katika mji huu. Nasema tu kwamba mnapochagua Kiswahili, mkichague na mwendo wake.

4. Mwimbaji anahukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Ubishi mwingine unaotuchoma ni huu: anajua kuimba, au anapayuka tu? Nusu yetu wanasema ana koo la dhahabu. Nusu wanasema hashiki noti. Wanaosema vibaya wanasema kwa ukali, na najua yanamfikia.

Mimi nimemsikia bila mitambo. Ilikuwa kwenye maegesho, kama saa nane usiku, mkipakia vyombo kwenye pikapu. Alikuwa amekalia sanduku la ngoma, anakunja waya kwenye kiwiko, anaimba peke yake wimbo wa zamani wa kanisani. Nilikuwa mbali, upande wa pili wa ua, na lori lilikuwa linapita nje. Nilisikia kila silabi. Noti zilikaa palepale, wala hakuzitafuta. Wale wanaomtukana hawajawahi kumsikia, na ninyi ndio mliosimama katikati.

Pia mnampangia shoo mbili usiku mmoja, ya pili ikianza saa saba. Kwa sababu hajisikii kwenye spika za jukwaani, anasukuma koo. Mtu asiyejisikia hupayuka, hiyo ni kawaida ya binadamu yeyote. Mwezi uliopita sauti ilikuwa imekwaruzika kabla ya wimbo wa nne, na haikuwa kwa makusudi.

5. Namna mnavyotujibu.

Shabiki akilalamika anaitwa adui wa bendi. Watatu tunaowafahamu walikataliwa picha na mwimbaji kwa sababu ya walichosema. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na taarifa za kumwezesha kufaidi anacholipia. Sina mpango wa kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili ya wimbo. Nalitaja ili mjue kwamba aliyelipa mlangoni akisema "sikusikia" hajawatukana.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, kabla ya shoo ijayo, mchapishe maneno ya nyimbo zote kumi na nne. Karatasi iliyotolewa nakala na kubandikwa ukutani karibu na mlango inatosha. Mkitaka wimbo mmoja ubaki fumbo, andikeni hivyo: huu tumeuacha fumbo. Tutauheshimu.

Pili, mnapojaribu mitambo, muanze na mwimbaji. Sauti yake ikae vizuri, kisha besi, kisha ngoma, kisha gitaa moja, kisha la pili, na kila kinachoingia kisimfunike. Mtu mmoja akae nyuma kabisa, karibu na vyoo, aandike anachosikia kwenye karatasi. Akikosea maneno, mrudie.

Tatu, mapazia upande wa vioo. Nimeshasema nitachangia, na nitakuja na ngazi yangu.

Nne, mketi nasi saa moja tu, mchana, bila muziki. Mleteni mwimbaji aongee mwenyewe. Mashabiki wa pande zote mbili watakuja, pamoja na wale wawili wasiosalimiana, nimeshawauliza.

Mimi mwenyewe najitolea usiku mzima wa kazi bila malipo, na vifaa vyangu vya kupimia, kwa tarehe mtakayochagua. Kama kijana wenu wa mitambo ataona naingilia kazi yake, nitakaa pembeni nimshikie nyaya.

Mkikaa kimya tena, nitaendelea kuwapenda na nitaacha kununua tiketi, na wapo wengine ambao wameniambia watafanya vivyo hivyo. Siyasemi haya kwa kutisha. Ni kwamba shilingi 1,500 kwa fundi wa Grogan ni siku nzima ya kazi, na siku nzima ya kazi nataka iniletee wimbo wenye maneno.

Yule dada wa Umoja hajui kwamba naandika barua hii. Hajanituma. Nilipopita kwake wiki jana kuchukua suruali, redio ilikuwa imezimwa, na simu ilikuwa kwenye droo ya uzi. Sikumuuliza.

Kwa hiyo, kama yote haya ni mazito kuyajibu kwa mara moja, anzeni na hili, hata kwa ujumbe wa neno moja, namba yangu mnayo: ni sitakupa, au ni sitakufa?

Wenu kwa heshima,

Fundi wa spika,
Grogan, Nairobi.